Mzee na Mgeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtoto wa Mbwa Anapoingia Kwenye Nyumba Yenye Mnyama Aliyezeeka

Maswali haya huja kwa wingi wiki ile ya kwanza, mtu akiwa amekaa sakafuni usiku katikati ya wanyama wawili: mmoja analia, mwingine ameupa ukuta uso. Hapa mnyama wa zamani tunamwita mwenyeji au mzee, na mtoto wa mbwa tunamwita mgeni. Majibu karibu yote yanarudi palepale: anayepaswa kudhibitiwa ni mgeni. Mwenyeji hakuulizwa kama anataka mtoto.

Mbwa wangu ana miaka 11. Hajazeeka mno kuletewa mtoto?

Umri hauamui, mwili ndio unaoamua. Mbwa wa umbo kubwa huanza kuhesabiwa mzee akiwa na miaka 6 au 7, ilhali wa umbo dogo anaweza kufika 10 akiwa bado anapanda ngazi mbilimbili. Kwa hiyo kabla ya kumleta mgeni, mpeleke mwenyeji kwa daktari wa mifugo akaguliwe viungo, meno, macho na masikio. Omba viungo vikaguliwe kimoja kimoja. Mbwa mwenye baridi yabisi mara nyingi halii. Anachelewa tu kuinuka asubuhi, anaacha kurukia kochi, analamba goti lilelile kila siku. Mtoto akimdandia mgongoni, nyonga ikauma, atajibu kwa meno, na sisi tutasema ana wivu.

Asiyesikia vizuri naye hushtuka akiguswa usingizini, na mwenye mtoto wa jicho hamwoni mgeni anavyomjia mbio kutoka ubavuni. Hayo hayamzuii kuishi na mtoto, ila uyajue mapema. Lakini kama mzee yuko kwenye matibabu mazito, au unajua moyoni kwamba miezi yake imebaki ya kuhesabu, ushauri wangu ni usilete mgeni sasa. Miezi hiyo ni yake.

Nimeambiwa mtoto wa mbwa humrudishia mzee ujana. Ni kweli?

Kwa baadhi, kidogo. Wapo wazee wanaoanza tena kubeba mpira walioutelekeza chini ya kabati. Wengine humvumilia tu mgeni, na hilo nalo linatosha: mbwa wawili wanaolala chumba kimoja bila kukaziana macho wanaishi vizuri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini aliyesema hivyo hakuwa na mgeni anayening'inia sikioni mwake kwa meno. Kama sababu yako ya kutaka mtoto ni kwamba mzee anaonekana mnyonge, mpeleke achunguzwe kwanza. Unyonge wa mbwa mzee mara nyingi ni maumivu, na maumivu hayaponi kwa kuongezewa kelele.

Vipi nikichukua watoto wawili, wachezeane wao kwa wao wamwache mzee atulie?

Hapana. Utakuwa na watoto wawili wanaomvamia mzee kutoka pande mbili, na wewe una mikono miwili tu.

Wakutane wapi mara ya kwanza?

Siku mbili tatu kabla, ikiwezekana, leta nyumbani kitambaa alicholalia mtoto, na chake mzee kipeleke kwa mtoto. Mbwa hufahamiana kwa pua kabla ya macho. Usimbandike mzee kitambaa usoni. Kiache sakafuni akinuse kwa hiari yake, na akitaka kuondoka aondoke.

Siku yenyewe, pazuri ni nje, mahali ambapo mwenyeji hapahesabu kuwa pake. Ila kuna mtego hapa. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo hapaswi kukanyaga ardhi wanakopita mbwa usiowajua, kwa sababu kirusi cha parvo, ugonjwa hatari wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, huweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Basi tafuta ua wa mtu ambaye mbwa wake wamechanjwa, au tumia ua wako mwenyewe, mbali na mlango na mbali na mahali mzee anapokula chakula chake.

Muwe watu wawili, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba iliyolegea. Ukiikaza kamba, hofu yako inateremka hadi shingoni mwake. Tembeeni sambamba, mwelekeo mmoja, mkiachana hatua kadhaa, kama wasafiri wasiojuana waliokutana njiani. Miili yao ikilegea, sogeleaneni. Mzee amzunguke mtoto na kumnusa nyuma kwa sekunde 3 au 4, kisha mwite, mpe kitu kitamu, muendelee kutembea. Halafu tena. Kumbeba mtoto mikononi na kumshusha mbele ya pua ya mzee ni kosa linalofanywa na karibu kila mtu, kwa kuwa linapendeza kwenye picha.

Kabla hawajaingia ndani, okota mifupa, midoli na mabakuli yote. Mkiingia, mzee akaenda moja kwa moja kulala mahali pake, hayo ni mafanikio. Usimwite aje kusalimia tena.

Mzee ananguruma kila mgeni akimsogelea. Nimkanye?

Usimkanye. Jibu hili ndilo linalopingwa kuliko yote, kwa hiyo tulikalie kidogo.

Kunguruma ni kusema. Na kabla ya kufika hapo mbwa huwa ameshasema mengi kimyakimya: amegeuza kichwa, amelamba midomo ilhali hakuna chakula, amepiga mwayo bila usingizi, ameonyesha weupe wa jicho, kisha amekakamaa mwili mzima kama sanamu. Mbwa mzima angekuwa ameshaelewa. Mtoto wa wiki 9 haoni lolote ila mkia unaovutia. Ndipo mzee anapotoa sauti. Ukimfokea kwa sababu ya sauti ile, hujamfundisha kumpenda mtoto. Umemfundisha kuruka hatua ya onyo, na siku moja atauma, tuambiane kwamba ameuma ghafla, bila dalili yoyote. Dalili zilikuwepo. Sisi ndio tuliozinyamazisha.

Kwa hiyo mzee akinguruma, mwondoe mtoto. Mwondoe bila hasira na bila hotuba: mwite, au mnyanyue, umpe kitu kingine cha kutafuna upande wa pili wa chumba. Mzee anajifunza kwamba akisema anasikilizwa, hivyo hana sababu ya kupandisha sauti. Jike letu moja, akiwa na miaka 12, alihitaji kama wiki mbili kuamini jambo hilo. Baadaye alikuwa hangurumi tena. Ananitazama, anamtazama mtoto, ananitazama tena. Nikajua zamu yangu imefika.

Mipaka ipo lakini. Mzee anaruhusiwa kunguruma, kuonyesha meno, kuuma hewa, hata kumbana mtoto chini kwa sekunde moja na kumwachia bila jeraha. Mtoto atapiga mayowe kana kwamba anachinjwa, kisha atainuka na kujikung'uta. Kisichoruhusiwa ni kumwandama mtoto anayekimbia, kuendelea naye baada ya kulala chali, kumkamata na kumtikisa, au kumtoboa ngozi. Likitokea lolote kati ya hayo, watenganishe kabisa, na wasirudi pamoja kabla hujaonana na daktari wa mifugo, na baada yake mtaalamu wa tabia za mbwa. Hesabu na uzito pia: mbwa wa kilo 35 anaweza kumuumiza mtoto wa kilo 3 bila kukusudia hata kidogo.

Utasikia pia ushauri wa "waache wamalizane wenyewe." Anayetoa ushauri huo huwa siye anayelipia mishono. Mzee akiachwa amalizane, anajifunza kwamba nyumbani kwake hana mtetezi.

Nitajuaje kama wanacheza au wanapigana?

Kelele si kipimo. Kuna mbwa wanaocheza kwa kunguruma mwanzo hadi mwisho. Tazama zamu. Kwenye mchezo, mara huyu anakimbizwa, mara yule. Mbwa hushusha kifua na kuacha makalio juu, mdomo uko wazi na umelegea, na kila baada ya muda mfupi wote wanasimama, kama wanaovuta pumzi, ndipo waanze tena. Mzee mwenye busara hujilaza chini ili mdogo amfikie. Ugomvi hauna zamu wala mapumziko: miili imekaza, midomo imefungwa, na mmoja tu ndiye anayetaka kuendelea.

Ukiwa na shaka, mshike mtoto kwa sekunde chache. Mzee akimfuata, walikuwa wanacheza. Akitumia nafasi hiyo kwenda zake, alikuwa anavumilia tu, na mchezo umeisha.

Mtoto hamwachi mzee apumzike hata kidogo. Nifanye nini?

Swali la kujiuliza ni kama mtoto mwenyewe analala. Mtoto wa mbwa huhitaji saa 18 hadi 20 za usingizi kwa siku, na katika nyumba nyingi hazipati kwa sababu kila anayepita anataka kumshika. Asiyelala huwa kama mtoto wa binadamu aliyepitiliza saa yake: anauma vifundo vya miguu, anarukia kila kinachosogea, hasikii jina lake. Ule ukorofi wa jioni, watu wanaouita tabia mbaya, mara nyingi ni uchovu. Mtengenezee kizimba au kona iliyozungushiwa uzio, yenye giza kidogo, na umzoeze kulala humo. Akikaa macho kwa muda kama wa saa moja, arudi kulala hata kama anadai hataki.

Akiwa macho, kuna hali tatu tu zinazokubalika: jicho lako liko juu yake, au anaburuza kamba nyepesi ambayo mwisho wake uko karibu na mguu wako, au yuko kwenye kona yake. Hali ya nne, ya mtoto anayezurura mwenyewe huku mzee amelala sebuleni, ndiyo inayozaa ugomvi mwingi unaoelezwa kwenye maswali haya.

Mzee naye apate mahali ambapo mgeni haingii kamwe. Chumba chenye kigeti kinafaa. Kochi linafaa kwa mzee ambaye bado anaruka, ila kwa mwenye magoti mabovu ni kumtania. Mtandikie chini, juu ya kitu kisichoteleza, mbali na njia ya kupita. Akiwa pale asiguswe na mtu yeyote, watoto wa nyumbani wakiwemo.

Na yale meno, kama unajiuliza yataisha lini: meno 28 ya utotoni huanza kung'oka karibu na miezi 4, na meno 42 ya ukubwani huwa yameshakamilika karibu na miezi 7. Katikati hapo ufizi unawasha na kila kitu kinatafunwa, sikio la mzee likiwa la kwanza kwenye orodha. Kitambaa kilicholoweshwa maji na kugandishwa kwenye friji humtuliza, ila mpe ukiwepo, asije akakimeza.

Wale pamoja?

Vyumba tofauti, au pande mbili za mlango uliofungwa, na mabakuli yaondolewe wakimaliza. Mbwa aliyekula peke yake miaka 10 hana mazoea ya kuona pua nyingine bakulini mwake. Mtoto hula mara 3 au 4 kwa siku, mzee mara 2, kwa hiyo mzee atahudhuria milo isiyomhusu; mfungie mlango badala ya kumwonea huruma, kwani chakula cha mtoto kina nguvu nyingi na mzee hunenepa upesi, na kila kilo inayoongezeka inakaa juu ya viungo vinavyouma. Mifupa na vitu vya kutafuna kwa muda mrefu vitolewe wakiwa wametenganishwa tu.

Ni kweli lazima mzee apewe kila kitu kwanza ili mtoto ajue nani mkubwa?

Wazo la mbwa kupangana kwa vyeo lina historia yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel, mtafiti wa Uswisi, aliandika juu ya mbwa mwitu (wolf) waliofugwa ndani ya uzio, wanyama wasio wa ukoo mmoja waliolazimishwa kuishi pamoja, na alichokiona ni kugombea nafasi. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyechangia kulieneza wazo hilo mwaka 1970, aliandika mwaka 1999 kwamba makundi ya porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Kwa hiyo huna haja ya kuigiza sherehe ya vyeo kila unapofungua mlango.

Hata hivyo mimi humtangulizia mzee vingi, kwa sababu nyingine kabisa. Ratiba ndiyo nguzo ya mbwa aliyezeeka. Kama miaka yote alilishwa asubuhi na mapema kabla hujafanya lolote, akaletewa mgeni, sasa analishwa baada ya mgeni kukojoa, kufutwa na kubembelezwa, ameshapoteza kitu. Mwache na saa zake.

Mgeni anaweza kumletea mzee magonjwa?

Ndiyo, na hili husahaulika kwa kuwa macho yote yako kwenye ugomvi. Watoto wengi wa mbwa huwa na minyoo tangu tumboni mwa mama. Dawa huanza wakiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 mpaka wiki ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Minyoo hiyo huweza kumpata binadamu pia, watoto hasa, kwa hiyo kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo. Chanjo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto apite wiki 16. Mwulize daktari kama za mzee zimepitwa na wakati, ile ya kichaa cha mbwa ikiwemo. Mbwa asiyetoka nyumbani hudhaniwa hahitaji, na sasa ulimwengu wa nje umemfuata ndani.

Mtoto anayekohoa au kuharisha asikutane na mzee kabisa. Kikohozi ambacho kwa kijana hupita chenyewe huweza kuingia mapafuni mwa mzee.

Mwenyeji wangu ni paka. Mambo ni yaleyale?

Siyo. Mbwa mzee na mtoto wa mbwa angalau wana lugha moja, hata kama mmoja bado anajifunza irabu. Paka na mbwa hupishana katika mambo ya msingi: mkia unaopigapiga kwa mbwa mara nyingi ni msisimko, kwa paka ni hasira inayopanda. Mtoto anauona, anakuja mbio akidhani amealikwa.

Kosa la kwanza ni kumfungia paka chumbani ili mtoto apate nafasi ya kuzoea nyumba. Geuza. Mtoto ndiye apewe eneo dogo, paka abaki na nyumba yake, na awe pia na chumba kimoja chenye chakula, maji na sanduku la mchanga la kujisaidia, ambamo mgeni hafiki. Paka hujisikia salama akiwa juu. Lakini paka wa miaka 13 au 14 mara nyingi viungo vyake vimechakaa, na kabati alilolipanda kwa mruko mmoja sasa linamshinda ingawa hatakuambia. Mwekee viti au maboksi ya kukanyagia, awe na njia ya kupanda na njia ya pili ya kushuka, asije akanaswa juu huku mbwa amekaa chini akimsubiri.

Siku za mwanzo wabadilishane harufu tu. Kisha waonane kupitia kigeti, mtoto akiwa kwenye kamba. Kila mtoto anapomtazama paka halafu akayarudisha macho kwako, mlipe kitu kitamu papo hapo. Hicho ndicho unachonunua: macho yanayorudi. Kisichotakiwa hata mara moja ni kufukuza. Kumkimbiza paka kuna raha yake, na mbwa aliyeionja raha hiyo hahitaji mshahara mwingine ili arudie kesho. Kofi la paka lisilo na kucha ni somo zuri, liache. Lenye kucha linaweza kulipasua jicho la mtoto, ndiyo sababu kucha za paka zikatwe ncha kabla mgeni hajaja.

Mambo haya huchukua wiki kwa paka mchangamfu na miezi kwa paka mwoga. Usimshike paka mikononi kumwonyesha mtoto. Ukiwa na bahati mbaya atapanda kichwani kwako.

Sanduku la mchanga liwe mahali ambapo mtoto hapenyi, maana watoto wa mbwa hula kinyesi cha paka kama kitafunwa, na paka aliyeviziwa akiwa humo mara moja atatafuta choo kingine, kwa kawaida kitandani kwako. Chakula cha paka kiwekwe juu. Na paka asiachwe kuishi kwa chakula cha mbwa, kwani kinaweza kukosa taurini ya kutosha, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye chakula, na upungufu wake huharibu moyo na macho ya paka.

Mawili ni ya dharura. Paka akikaa siku nzima bila kula, piga simu kwa daktari. Akipitisha siku kadhaa, mafuta huanza kujaa kwenye ini, na paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi. La pili, dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku akijikamua bila mkojo kutoka: msongo huweza kuchochea shida ya kibofu, mrija ukaziba, na hapo unahesabu saa, huhesabu siku.

Naweza kuwapaka wote wawili dawa ileile ya kupe na viroboto?

Kama mmoja wao ni paka, usithubutu. Dawa nyingi za mbwa za kupakwa mgongoni zina permethrini, sumu ya wadudu ambayo mbwa huihimili na paka humuua. Hata paka anayejisugua kwa mbwa aliyepakwa punde anaweza kuanza kutetemeka na kupata degedege. Soma lebo, mwulize daktari, watenganishe hadi dawa ikauke kabisa. Na tukiwa kwenye dawa: parasetamoli ni sumu kwa paka, ibuprofeni ni sumu kwa mbwa na paka. Mzee anayechechemea baada ya kudandiwa asipewe kidonge kutoka kwenye mkoba wako.

Mzee ameanza kukojoa ndani tangu mtoto afike. Anafanya makusudi?

Makusudi hapana. Inawezekana anajibu harufu ya mikojo ya mtoto, basi safisha kwa sabuni yenye vimeng'enya vinavyovunja harufu, maana yenye amonia humnukia kama mkojo. Inawezekana ratiba yake ya kutoka nje imevurugika. Lakini figo, kisukari na maambukizi ya njia ya mkojo huonekana hivyohivyo, na mgeni huwa kisingizio kizuri cha kuchelewa kupima. Hasa kama anakunywa maji kuliko zamani, pima wiki hii.

Mzee amenuna. Haji tena kwangu kama zamani.

Huenda hajanuna, huenda kila akija kwako anakuta mapajani pamejaa meno. Mpe muda wake kila siku bila mgeni, hata dakika 15: matembezi ya polepole njia yake ya siku zote, au kukaa tu naye mlango ukiwa umefungwa. Usiufanye kuwa mazoezi. Watu wengi hudhani wanahitaji kuwapatanisha wawili hawa kwa kuwaweka pamoja muda mwingi, kumbe mzee anayejua kwamba saa yake inakuja humvumilia mtoto vizuri zaidi saa nyingine zote.

Na sungura au kasuku?

Waishi mbalimbali, daima, hata mbwa akiwa mpole kama maji ya mtungini. Sungura huweza kufa kwa hofu bila kuguswa. Ndege aliyeguswa na meno ya mbwa apelekwe kwa daktari hata kama huoni jeraha, kwa sababu ya vimelea vilivyo kwenye mate.

Walikuwa wanapatana. Sasa mtoto ana miezi 8 na wameanza kupigana. Kimetokea nini?

Mtoto amebalehe. Mbwa wazima wengi humsamehe mtoto mengi katika miezi ya mwanzo, na msamaha huo huanza kufutwa karibu na miezi 4 au 5. Kufikia miezi 8 mgeni ni kijana mwenye nguvu anayejaribu mipaka, huku mzee akizidi kupungua. Kama mmoja anaingia kwenye joto, au madume hawajahasiwa, zungumza na daktari juu ya kufunga kizazi na wakati unaofaa kwa umbile la mbwa wako. Majike wawili wa nyumba moja wakifikia kupigana kweli, huwa ndio wagumu zaidi kuwapatanisha, kwa hiyo usisubiri pigano la tatu. Rudisha vigeti ulivyokuwa umeviondoa. Mpeleke tena mzee kukaguliwa, maana anayeanza kushindwa kusikia au kuona hupoteza uwezo wa kusoma dalili za kijana kwa wakati.

Wakishikana, usiingize mkono katikati. Mwaga maji, tupa blanketi juu yao, au pitisha kitu bapa kama ubao kati yao.

Itachukua muda gani?

Siku chache za mshangao, wiki chache za kununiana, na kwa wengi miezi 2 au 3 kabla hujasahau kuwatazama. Kipimo changu si kuwaona wakilala pamoja. Ni mzee kurudia mambo yake madogo: kula hadi mwisho, kujinyoosha akiamka, kulala ubavu miguu ikiwa imetupwa, badala ya kulala kichwa juu kama mlinzi wa zamu.

Nikiona haiwezekani kabisa, ni aibu kumrudisha mtoto?

Si aibu. Kama mzee ameacha kula, anajificha wiki ya tatu, anatetemeka akisikia kucha za mgeni sakafuni, au damu imeshatoka, na umeshafanya yaliyoandikwa hapa kwa msaada wa daktari na mtaalamu, mtoto anaweza kupata nyumba nyingine. Ana wiki 10 au miezi 4. Atazoea pengine upesi. Alikotoka ndiko pa kuanzia kuuliza. Ukichelewa mpaka awe na mwaka na mazoea ya kupigana, itakuwa vigumu zaidi kumpatia mahali. Mzee huyu hana nyumba nyingine anayoijua.